Rusha Ndani

Nechells, Birmingham
14 Agosti 2025

Kwa yaya Sabine,

Dada yangu mkubwa, nakusalimu sana wewe, shemeji na watoto wote huko Kalemie. Mimi ni mzima. Kile kikohozi cha Juni kimekwisha na mama mdogo ananilisha kama mtoto. Mgongo wako je? Bado unainamia cherehani kutwa nzima?

Ulisema umechoka na simu zinazokatika, unataka barua ya kweli (nitaipiga picha nikutumie kwa simu), na unataka kujua huu mchezo unaonifanya nikimbie kila ukipiga siku ya Jumapili. Unaitwa besiboli. Mtu mmoja anarusha mpira mdogo, mgumu kama jiwe. Mwingine amesimama mbele yake na gongo, anajaribu kuupiga uende mbali ili apate kukimbia kuzunguka vituo mpaka arudi alipoanzia, panapoitwa nyumbani; hapo timu yake inapata pointi. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji. Mrushaji akirusha ovyo mara nne, mpigaji anapewa njia ya bure hadi kituo cha kwanza. Mimi ndiye mrushaji.

Dalmar ndiye aliyenitia humo. Ni Msomali, anaendesha forklift, gari la kunyanyulia mizigo, pale ghalani tunapofanya kazi. Siku moja aliniona nikitupa marola matupu ya utepe wa gundi ndani ya pipa kutoka upande wa pili wa ghala, hakuna hata moja lililoanguka nje. Akaniuliza, "Jumapili unafanya nini?" Kumbe ni kapteni wa timu, na ndiye mdakaji wake. Yaya, tangu nifike nchi hii, pale uwanjani ndipo mahali pa kwanza watu waliponiita jina langu wakifurahi.

Sasa sikiliza. Timu yetu, Nechells Anvils, na timu ya Great Barr Herons, tuna pointi sawa kileleni. Ni timu moja tu inayopanda daraja. Tutacheza nao mechi tatu, na atakayeshinda mbili ndiye atakayepanda. Ya kwanza ni tarehe ishirini na nne. Wana mpigaji mmoja, Ranvir, hakuna aliyemweza mwaka huu. Tuombee.

Mdogo wako,
Emery


Kalemie
18 Agosti 2025

Kwa mdogo wangu Emery,

Bwana asifiwe. Huku tuko wazima, ila umeme umetususa tena. Mgongo usiniulize. Shule zinafunguliwa mwezi ujao na kila mama wa mtaa huu anataka shati la mwanawe lishonwe kesho.

Barua yako nimewasomea watoto. Précieuse ameuliza kama mpira ni mgumu kama jiwe, kwa nini msitumie laini? Hilo utamjibu wewe. Na mimi nina swali langu: kanisa je? Au siku hizi Mungu anakutana nawe uwanjani?

Nakutania. Nimefurahi. Ulipoondoka hapa ulikuwa kijana asiyemtazama mtu usoni, na sasa naona umeandika "timu yetu". Mimi nililinda goli la wasichana wa kambi ya wakimbizi miaka mingi, najua utamu wa kusubiri mechi kubwa. Lala mapema. Usile vizito. Huyo Ranvir naye alizaliwa na mama kama wewe, usimwogope.

Yaya wako,
Sabine


Kalemie
2 Septemba 2025

Emery,

Salamu za nyumbani. Mechi imepita siku nyingi na hujaandika neno. Nimepiga, hupokei. Nimempigia mama mdogo, anasema unatoka kazini unaingia chumbani, huli. Kama mmeshindwa, si msiba. Kama ni jambo jingine, mimi ni yaya wako, niliyekubeba mgongoni. Niandikie hata mistari miwili.

Sabine


Nechells
4 Septemba 2025

Kwa yaya Sabine,

Nisamehe kwa kukutia wasiwasi. Mwili ni mzima. Naomba na wewe na watoto muwe hivyo.

Nimemuumiza mtu, yaya. Ni Ranvir.

Mechi ilikuwa nzuri mpaka katikati. Alikuwa ameshanipiga mara mbili, mipira ikaenda mbali, watu wao wakaimba. Aliporudi mara ya tatu, Dalmar akanionyesha kwa mkono: rusha ndani, karibu na mwili wake, asipate nafasi ya kujinyoosha. Ndivyo mchezo ulivyo, kila mrushaji hufanya hivyo. Kulikuwa kumenyesha manyunyu, mpira una maji. Ukaniponyoka. Niliuona ukipanda juu nikapiga kelele, lakini kelele haiwezi kuuwahi mpira.

Wapigaji wanavaa kofia ngumu, lakini haifuniki uso. Ulimpata chini ya jicho. Yaya, ile sauti sitaki kukuelezea. Alianguka bila kuweka mkono. Nilikimbia kwenda kwake, na rafiki yake mmoja, Shiraz, akanisukuma kifuani: "Umefanya makusudi! Alikupiga mara mbili ukaona aibu!" Nikajaribu kusema, Kiingereza chote kikanikimbia. Nilikuwa nasema Kiswahili tu, "Mpira umeponyoka, umeponyoka," na hakuna aliyenielewa.

Gari la wagonjwa lilimchukua. Nikaambiwa niendelee. Sikuweza kurusha hata mpira mmoja ukafika kwa Dalmar. Tukashindwa.

Mfupa wa shavu umevunjika, amefanyiwa upasuaji, na jicho bado hawajui kama litaona vizuri. Mechi ya pili ni Jumapili hii. Nimemwambia Dalmar sitarusha tena. Hakunigombeza. Alisema tu, "Sawa, ndugu," na hilo ndilo lililoniliza.

Mdogo wako,
Emery


Kalemie
6 Septemba 2025

Kwa Emery wangu,

Pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako nikiwa peke yangu, watoto nikawaambia waende nje.

Kwanza nikuambie ninachokijua: wewe si mtu wa kumpiga mtu makusudi. Nimekulea, ningejua. Usiruhusu yule Shiraz akuambie wewe ni nani siku ambayo alikuwa anamlilia rafiki yake. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husema chochote kilicho karibu na ulimi.

Pili, kukaa chumbani hakumsaidii Ranvir jicho lake. Umeshakwenda kumwona? Barua nzima hukuandika hilo. Basi najua hujaenda. Nenda, Emery. Usimtumie ujumbe, usimtume Dalmar. Nenda mwenyewe, na usiende mikono mitupu. Kama wakikufukuza, umefukuzwa, utarudi nyumbani na utakula. Lakini mgonjwa asikae akidhani aliyemuumiza ameshamsahau.

Mambo ya kurusha tutayazungumza baadaye. Huo ni mchezo tu.

Yaya wako anayekupenda,
Sabine


Nechells
15 Septemba 2025

Kwa yaya Sabine,

Salamu nyingi. Natumaini mashati yamekwisha na mgongo umepumzika. Mimi jana nilikula sahani mbili, mama mdogo atakuthibitishia.

Nilikwenda. Dalmar alinitafutia anwani. Nilipita kwanza Sparkhill, Stratford Road, nikanunua pakiti kubwa ya korosho, nikapanda mabasi mpaka Great Barr. Mlangoni nilibonyeza kengele. Nikajisemea kwa sauti, "Mungu wangu, nimekuja kufanya nini hapa?"

Mlango ukafunguka. Bibi wa Kisingasinga, mfupi, shali begani. Akanitazama, akasema kwa Kiswahili safi kabisa:

"Hata mimi nataka kujua. Umekuja kufanya nini hapa?"

Yaya, nusura nianguke. Ni nyanya yake Ranvir, anaitwa Amarjit. Amezaliwa Kisumu, baba yake alikuwa na duka. Nikamwambia, "Nyanya, mimi ndiye niliyerusha ule mpira." Akafungua mlango zaidi. Kisha akasema, "Ingia. Baridi inaingia nyumbani kwangu."

Nikampa korosho. Akaitazama pakiti, akanitazama mimi. "Umemvunja mtoto shavu, kutafuna hawezi, halafu unamletea korosho?" Nilitaka sakafu inimeze. Lakini alikuwa ameshafungua pakiti, anakula yeye.

Ranvir hakutaka kushuka. Tulimsikia juu akiuliza ni nani. Nyanya akanipa chai, akaniuliza habari za kwetu, za ziwa letu, za mama yetu. Nikamwambia mama amefariki na umenilea wewe. Chai ilipoanza kupoa, Ranvir akashuka. Upande mmoja wa uso ni mweusi, umevimba, jicho limefunikwa. Kiswahili anakisikia lakini anajibu kwa Kiingereza, kama watoto wote wa hapa.

"Ulikusudia?" akaniuliza.

"Hapana."

"Najua. Niliuona ukikutoka vibaya mkononi. Nilichelewa kuinama." Akakaa. "Nimewaambia wenzangu. Shiraz bado hataki kuamini."

Jicho linaona, yaya! Kwa ukungu, lakini linaona. Daktari ana matumaini.

Kisha akaniuliza kama nitarusha mechi ya tatu, maana ya pili wenzangu walishinda bila mimi, sasa kila timu imeshinda mechi moja. Nikasema sitarusha tena maishani. Akakasirika, mpaka nyanya akamwambia ashushe sauti. "Ukikaa nje tukawashinda, watu watasema tulipanda kwa sababu ulivunjika moyo. Mimi nimelala hospitali kwa ajili ya mechi hizi. Sitaki ushindi wa hivyo. Uje urushe vizuri, tukupige vizuri."

Sijui la kufanya. Ni Jumapili ijayo.

Mdogo wako,
Emery


Kalemie
17 Septemba 2025

Emery,

Sisi ni wazima. Umeme umerudi, na nimecheka mpaka shemeji yako akaja kutazama kuna nini. Korosho!

Unajua la kufanya. Mtu uliyemuumiza amekuomba jambo moja, na hakukuomba ukae chumbani. Nenda karushe.

Yaya wako


Nechells
23 Septemba 2025

Kwa yaya Sabine,

Salamu kwako na kwa nyumba yote. Précieuse ameanza shule vizuri?

Tumeshindwa. Nakuambia mapema usije ukasoma ukiwa na wasiwasi.

Uwanja wao uko karibu na barabara kuu ya M6, magari yananguruma muda wote kama mvua isiyofika. Ranvir alikuwa amekaa na wenzake, miwani myeusi. Nyanya Amarjit alikuja na blanketi miguuni.

Nilirusha. Lakini yaya, kila mpira niliupeleka nje, mbali na mwili wa mpigaji. Mkono wenyewe ulikataa kwenda ndani. Mwanzoni ilitosha, wenzangu walipata pointi, tukaongoza. Baadaye Herons wakagundua. Wakaanza kusimama karibu kabisa, wakijua siwezi kuwasogeza. Wakasawazisha. Mwisho wa mwisho vituo vyote vikajaa watu wao, ikabaki mmoja tu afike nyumbani ili washinde, na aliyekuja na gongo ni Shiraz. Akasimama karibu mpaka viwiko vyake viko njiani mwa mpira. Nikarusha nje. Nje tena. Nje tena. Ukibaki mmoja tu kabla ya njia ya bure, ambayo ingewasogeza wote na kuwapa ushindi, Dalmar akaomba muda, akaja kwangu.

"Lazima iwe ndani, Emery."

"Siwezi."

"Basi niambie nikutoe. Hakuna atakayekucheka, na atakayekucheka atanikuta mimi."

Nikatazama kule walikokaa. Ranvir alikuwa amesimama. Amevua miwani. Akapiga kifua chake kwa kiganja, mara moja: hapa. Mbele ya watu wake wote.

Nikamwambia Dalmar arudi mahali pake.

Nikarusha ndani. Ulitoka mkononi ukiwa safi, karibu na mbavu za Shiraz, pale pale nilipotaka. Wala hakuruka. Akakunja mikono, akaupiga. Ulipita juu ya wenzangu wote ukaanguka kwenye majani, na yule mtu wao akarudi nyumbani, wakaanza kurukiana.

Mimi nilibaki pale katikati. Shiraz, badala ya kwenda kwa wenzake, alikuja kwangu. "Ulikuwa mpira mzuri," akasema. Akavua kofia yake. "Na mimi nilikosea." Akaenda.

Nililia, na wenzangu walidhani ni kwa sababu ya daraja. Dalmar tu ndiye ambaye hakuniambia ninyamaze.

Herons wamepanda. Sisi tunabaki. Nina njaa sana siku hizi.

Mdogo wako,
Emery


Kalemie
28 Septemba 2025

Kwa mdogo wangu,

Mungu akupe afya. Sisi tuko salama.

Watoto wamenuna kwamba mmeshindwa. Précieuse anasema hatawasalimia watu wa Great Barr. Mimi nimekwenda nyuma ya nyumba nikaimba peke yangu. Msalimie yule nyanya, mwambie kuna mtu Kalemie anamshukuru kwa chai.

Yaya wako,
Sabine


Nechells
20 Aprili 2026

Kwa yaya Sabine,

Salamu, na pongezi tena kwa mtoto mchanga. Picha nimewaonyesha watu wote ghalani. Analala usiku? Wewe je, nguvu zimerudi? Mimi ni mzima, baridi imepungua.

Wiki iliyopita nyanya Amarjit alinipigia. "Njoo Jumamosi," akasema. "Huyu mtoto anaogopa, na anaona haya kuwaambia wenzake."

Jicho lake limepona. Lakini akisimama na gongo, mpira ukija anaruka nyuma kabla haujafika. Na msimu unaanza, tena katika daraja gumu. Msimu huu timu zetu hazitakutana, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema ninasaidia wapinzani.

Tulikutana kwenye bustani karibu na kwao, asubuhi, majani yamelowa. Sisi watatu tu, nyanya kwenye benchi na thermosi yake. Ranvir amevaa kofia yenye chuma mbele ya uso. Nikaanza polepole, kama mtu anayemtupia mtoto. Akaruka. Nikarusha polepole zaidi. Akalitupa gongo chini.

"Usinionee huruma! Rusha kama ulivyomrushia Shiraz."

"Naogopa," nikamwambia.

Akanitazama. "Mimi pia," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia Kiswahili kinywani mwake.

Basi nikarusha kweli, ndani. Akaruka. Nikarusha. Akaruka. Sijui ilikuwa mara ya ngapi mpira ukapita karibu na mbavu zake na yeye hakwenda popote. Alisimama. Hakuupiga wala hakujaribu.

"Mbona hajaupiga?" nyanya akauliza kutoka kwenye benchi.

Ranvir alikuwa ameinama, mikono magotini, anapumua kama aliyekimbia kutoka mjini. Nikamwendea, nikasimama karibu naye. Baadaye akajinyoosha, akarekebisha kofia, akanisukuma kidogo begani nirudi nilipotoka.

"Tena," akasema.

Tulikaa pale mpaka chai ya nyanya ikaisha.

Wabusu watoto, na huyo mdogo mbusu mara mbili.

Mdogo wako,
Emery