Ngumi Niliyomkataza

Likoni, Jumatano, 1947

Najiambia mwenyewe: mpumbavu wewe, Mwanakombo! Mvi zote hizo na akili huna.

Si mimi niliyemfundisha mjukuu wangu Saumu ngumi ya karibu? Tulikuwa tukitwanga, nikamwambia mchi hautwangwi kwa bega. Nguvu hutoka kisiginoni, ikapita nyonga, mkono unaifikisha tu. Mngoje mtu akuegemee, ndipo umpige. Akaiweza hata gunia la makumbi ya nazi likapasuka.

Kisha nikamwonya: "Hiyo ni ya wahuni wa njiani. Mume hapigwi."

Leo amekuja kwangu, jicho limevimba, jino la mbele halipo. Nikamfokea, "Na ngumi yako ulimwekea nani?"

"Mume wangu alinisogelea, Bibi, na nafasi nikaiona. Nikakumbuka uliyonambia, nikashusha mkono."

Ni maneno yangu hayo yaliyomshusha mkono. Mimi, mwenye maneno mtaa mzima! Nikamkanda kwa maji ya chumvi huku nalia, naye ndiye aliyekuwa akinambia pole.

Kesho huyo mume atakuja kumchukua, na kanzu yake safi na salamu ndefu. Saumu asitoke chumbani. Mlangoni nisimame mimi, nimngoje aniegemee.