Upepo Nilioupeleka Kinyume

Mwenzangu, nimejifungia chooni kazini. Uso nauweka wapi?

Ile ramani ya moshi wa magari niliyokuringishia wiki nzima, leo nimewaonyesha wazazi wa ile shule ya kando ya barabara kuu. Kifua mbele, nikasema, "Hewa ya hapa ni safi. Moshi wote unaelekea kwenye maghala ya ng'ambo ya barabara."

Mama mfagiaji wa shule akasimama, akapitisha kitambaa cheupe dirishani. Kikatoka cheusi tii. "Mwanangu, na hii ni nini?"

Cheusi tii!

Unajua nilimjibu nini? "Mama, kompyuta haikosei." Mbele ya watu wote! Kompyuta haikosei!

Nimerudi ofisini nikafungua hesabu za ile ramani kwenye kompyuta. Kituo cha hali ya hewa huandika upepo unakotoka. Mimi, na digrii zangu zote, nimeuingiza kama unakokwenda. Moshi unaingia madarasani, moja kwa moja.

Nimempigia yule mama kumwomba radhi. Hata sijamaliza salamu, akaniambia, "Usijali, mwanangu. Mwalimu mkuu ameniagiza nifungue madirisha yote. Si ulisema hewa ni safi?"