Choo Kipya Kitaninyamazishia Mke Wangu

Mshauri wa watu wote, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi marahaba, nimeshaitikia. Naomba unisaidie, ila usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu jambo lenyewe ni la choo, na mimi najua mtu akisoma neno choo tu meno yanatoka nje. Mimi ni mzee, fundi baiskeli mstaafu, ingawa baiskeli hazijui kwamba nimestaafu, bado zinaletwa. Shuleni mimi na mwalimu tuliachana mapema, kwa amani, kila mmoja akashika njia yake, kwa hiyo ukikuta sentensi imetoka kwenye mnyororo irudishe mwenyewe uendelee.

Mke wangu alikuwa mpishi wa shule, mwanamke mwenye sauti, akiwaita watoto waje kula hata wapita njia waligeuka, kisha kiharusi kikampiga upande mmoja, mguu ukawa mzito, mkono ukalala na mdomo ukavutwa ukaenda kando. Mguu tumeuzoea, mkono tumeuzoea, mdomo ndio umemshinda. Alikuwa akijiona kwenye kioo cha kabati analia, tukalifunika kabati kwa shuka, na sasa hata mimi ananigeuzia mgongo, mimi ambaye nimeishi na sura hii yangu miaka yote na yeye hajawahi kunifunika shuka. Nikimuuliza kitu chumbani ananijibu kwa kidole. Nikikaa mbele yake anaweka kiganja mdomoni anatazama dirisha, na hapo dirishani hakuna kitu, kuna ukuta wa jirani.

Sasa sikiliza. Nyumba yetu ina choo kimoja, kiko nyuma, unapita jikoni, unashuka kingazi, unavuka ua ndipo unafika. Siku moja alianguka humo akiwa amejifungia, ikabidi binti yetu mkubwa auvunje mlango kwa nyundo yangu, na tangu hapo komeo tuliling'oa lisirudi tena, na sheria ya nyumba ikawa aliye ndani aimbe au akohoe ili mwenzake asije akamfungulia. Binti anaimba nyimbo za redioni, mimi nakohoa kama trekta, mgeni akija tunamfundisha hata kabla hajapewa kiti. Mke wangu kuimba hataki kwa ajili ya huo mdomo, basi mimi namshika mkono tunakwenda pole pole, namkalisha, narudisha mlango, nami nakaa nje juu ya ndoo ya rangi niliyoigeuza, mimi ndiye komeo. Majirani wananiita Askari wa Choo. Sawa, cheo ni cheo.

Na humo ndani, mshauri, mke wangu anaongea.

Mara ya kwanza nilidhani anaongea na mtu mwingine, nikataka kuingia nimkamate. Kumbe anayeambiwa ni mimi. Simwoni, hanioni, mlango uko katikati, basi maneno yanatoka, yamepinda kidogo lakini yanatoka, na mengine hajaniambia tangu nimuoe. Aliniambia lile kochi la kijani hajawahi kulipenda, alinyamaza tu kwa sababu nililileta nikiwa nimefurahi. Aliniambia siku ya kwanza alipokuja kwenye kibanda changu na baiskeli yenye pancha, ile pancha aliitoboa mwenyewe kwa msumari, na mimi mjinga nikamzibia tairi, nikamtoza na hela, nikamwambia mwingine apite. Tulicheka, yeye ndani mimi nje, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza kuna nini huko chooni. Nikamwambia kuna sinema, tiketi zimeisha.

Kuna siku nyingine aliniambia, "Baba watoto, nikifa unifunike uso mapema, watu wasiuone." Nikasema sawa. Akaniambia, "Haya, nimemaliza," nikamtoa tukarudi, na njiani kiganja kiko mdomoni.

Sasa binti yetu mkubwa, yeye ndiye mwenye kazi ya maana kati yetu, ameamua kuikarabati nyumba, bati jipya, plasta, na choo cha pili humo humo chumbani kwetu, wanakata pembe ya chumba, wanaweka vyuma vya kushikia, na mlango hakuna, ni uwazi tu na pazia, ili msichana atakayeajiriwa kumsaidia aingie bila kuhangaika. Nikamuuliza, "Choo cha pili cha nini, kwani tutakuwa tunakula mara mbili?" Akanijibu, "Baba, acha utani. Mama anateseka." Nikamwambia basi angalau mlango. Akasema, "Mlango wa nini na nyinyi ni mtu na mkewe?" Ukweli wenyewe ningemwambiaje, kwamba mimi na mama yako tuna maongezi yetu chooni?

Nisikufiche, binti ana sababu. Majuzi mchana fundi mwashi alikuwa jikoni anapima ukuta, sisi tunapita kwenda nyuma, na mke wangu hakufika. Alisimama katikati ya jiko, gauni limelowa, anatazama sakafu. Yule fundi ni mtu mwema, aligeukia ukuta akaendelea kupima mahali ambapo alishapima. Binti akaja na ndoo na tambara, mimi nikasema kitu cha kuchekesha, sikumbuki nilisema nini, hakuna aliyecheka. Tangu siku hiyo hata huko nyuma haongei sana. Anakaa kimya, anasema nimemaliza, basi. Safari zenyewe zimepungua, na chai hataki, maji anagusa tu midomo, nafikiri ni binti, anapika chai nyepesi kama maji ya kuoshea vikombe.

Na mimi nimefanya jambo. Fundi alipiga vigingi na kufunga uzi chumbani na nje ya dirisha kuonyesha bomba litakapopita, nikaving'oa vya nje nikavitupa nyuma ya banda, nikasema ni kuku wa jirani. Akapiga vingine, kuku wakaving'oa tena. Akaniangalia akasema, "Mzee, hawa kuku wana kisirani na vipimo vyangu." Nikamwambia kuku wa siku hizi hawana adabu. Binti alikuwa mlangoni, alinitazama tu kama ninavyotazama baiskeli ambayo haitengenezeki.

Jumatatu fundi anarudi. Nyumba ni yangu, nikisema hapana itakuwa hapana. Nikisema ndiyo, mke wangu atapata choo, mimi nitabaki na mgongo wake. Nifanyeje?

Ni mimi Askari wa Choo.

*

Mshauri anajibu:

Askari, pokea shikamoo yangu, maana umenizidi. Nilikuahidi moyoni kwamba sitakucheka kabla ya mwisho, nikashindwa kwenye tiketi za sinema, unisamehe. Baada ya hapo sikucheka tena.

Nianze na chai. Umeniandikia barua ndefu, kochi la kijani limo, kuku wamo, halafu jambo kubwa kuliko yote umeliweka mwishoni ukamsingizia binti yako. Chai ya binti haina kosa. Mkeo ameacha kunywa ili asilazimike kupita jikoni. Mama mzima anakaa na kiu ndani ya nyumba yake mwenyewe ili yale ya siku ile yasimkute tena, na wewe umekaa juu ya ndoo yako unasubiri hadithi. Mgonjwa wa kiharusi asiyekunywa maji unampeleka kubaya, Mzee, na unampeleka haraka. Ukimaliza kusoma hapa mpelekee maji, na mpeleke kwa daktari wake aambiwe wazi kwamba mama ameacha kunywa.

La pili. Choo kinajengwa. Hilo halina mjadala, na nyumba kuwa yako hakuhusiani nalo. Jumatatu fundi akifika akukute wewe na vigingi vyake mkononi, umwambie kuku wamevirudisha. Umwombe radhi. Mtu aliyegeukia ukuta ili mkeo asione haya hakustahili kudanganywa na wewe.

Lakini mlango unaudai, na hapo nipo upande wako. Mwambie binti yako mlango uwepo, uwe mpana, wa kusukuma pembeni, usio na komeo, msaidizi aweze kuingia akiitwa. Akikuuliza mlango wa nini, usimtanie. Najua utani ni rahisi kwako kuliko kupumua, ila kwa mara moja mwambie vile ulivyoniambia mimi: mama yako anaongea nami akiwa nyuma ya mlango, na sina mahali pengine pa kumsikia. Kama anakutazama kama baiskeli isiyotengenezeka ni kwa sababu hujamwambia ilipoharibika. Yeye anadhani unamnyima mama yake choo kwa ubishi wa uzee. Naye anamuuguza mama huyo huyo.

Sasa lililoniudhi. Mkeo alikuambia akifa umfunike uso watu wasiuone, ukajibu sawa. Mzee wangu, sawa? Mwanamke aliyetoboa tairi lake zima ili akuone anakuambia uso wake ni wa kufichwa, nawe unakubali kama umeagizwa sabuni dukani. Alikuwa anakuuliza. Aliuliza akiwa nyuma ya mlango kwa sababu aliogopa kuona jibu usoni kwako. Najua uliogopa, na neno lililokuwa karibu lilikuwa fupi. Lakini yeye hakuuona woga wako, alisikia sawa. Nenda ukaiondoe hiyo sawa. Usingoje choo kipya, usingoje Jumatatu. Kaa mahali asipolazimika kukutazama, nyuma ya kiti chake hata, umwambie kwamba huo uso wewe bado unautafuta. Anaweza asijibu, anaweza akakujibu kwa kidole. Sema hivyo hivyo. Shuka la kabati liache, siku akitaka atalivuta mwenyewe, na asipotaka lisivutwe.

Na katika barua yote hii, umemdanganya fundi, umemuuliza binti, umeniuliza mimi. Yeye hukumuuliza anataka choo kiwe wapi. Muulize.

Siwezi kukuahidi kwamba ataongea tena kama zamani. Huenda kilichomnyamazisha ni lile jiko, si choo chochote, na huenda ugonjwa wenyewe unaendelea kula maneno kidogo kidogo na mlango hauhusiki kabisa. Itakuja siku utahamisha ndoo yako mpaka kwenye mlango mpya, utakaa, na ndani kutakuwa kimya. Usigonge kumlazimisha, wala usiondoke. Sheria ya nyumba yenu inasema aliye ndani aimbe. Siku hiyo ibadilishe, Askari. Aimbe aliye nje.