Mtoto Uliyemtuma Luberizi

Mpendwa Mama,

Ametangazwa mtakatifu. Yule kijana wa Italia mwenye jinzi na viatu vya michezo, ambaye jina lake lilikushinda kutamka ukaamua kumwita Mutoto tu. Kengele ya parokia ilipigwa mpaka watu wa mtaa wetu wa Kimanga wakadhani kuna moto. Akina mama wakatoka wakicheza hadi barabarani na vitenge vyao vipya, nami nikawa nalia na kucheka kwa pamoja. Furaha kama hii sikuweza kukaa nayo peke yangu, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka ulivyompinga? Majirani tunaosali pamoja, shirika letu, tulikuwa tumezidi kuwa wengi, padri akatugawa, na shirika jipya likahitaji msimamizi wake mbinguni. Vijana wakamtaka yeye. Padri akatueleza maisha yake: mwanafunzi kama wengine, alipenda mpira na kompyuta, alikwenda misa kila siku, aliwapelekea chakula maskini waliolala nje, na ugonjwa wa damu ukamchukua kabla hajamaliza shule. Ulisikiliza yote kwa adabu, kisha ukasimama.

"Ni nani hapa anatumaka mutoto kwenda kuposa bibi?"

Watu wakacheka, lakini wazee walikuunga mkono. Kwetu jambo zito hupelekwa na mtu mzima mwenye mvi na maneno. Mtoto hatumwi kwa wakwe, sembuse kwa Mungu. Vijana walishinda kwa wingi wao, nawe ukanuna juma zima, hata mboga ukaziunga kwa hasira.

Mimi nilijua kwa nini ulitaka mtakatifu mwenye ndevu. Ulikuwa na jambo zito la kumtuma. Wewe na dada yako, Mama Mukubwa wa Luberizi, hamkuwa mmesalimiana tangu matanga ya babu, kwa sababu ya ng'ombe mmoja ambaye kila mmoja wenu alisema babu alimwachia yeye. Ng'ombe mwenyewe alikwisha kufa, ugomvi ukabaki na afya njema. Wazee wa ukoo walikwenda na kurudi, wakala kuku wako na kuku wake, na hawakuleta kitu. Siku moja ukisonga ugali uliniambia kwamba kufa hakukutishi, unachoogopa ni kufa kabla dada yako hajakuita tena mdogo wake.

Kisha zamu yetu ikafika. Picha ya msimamizi hulala juma moja katika kila nyumba, majirani wakija kusali rozari jioni, halafu hupelekwa kwa nyimbo kwenye nyumba inayofuata. Ulimpokea yule kijana kama mgeni ambaye hukumwalika. Ukamweka juu ya kabati, ukaendelea kuchagua mchele. Ndipo tukawasikia jirani zetu wa ukuta wa pili, mume na mke waliokuwa wamenuniana. Mke akamtuma binti yao amwambie baba yake chakula kiko mezani. Baba akamtuma huyo huyo arudi kusema anakuja. Mikono yako ikatulia ndani ya ungo. Ukainuka ukaenda mbele ya picha, ukaongea naye kama unavyoongea na sisi.

"Mutoto, wazee wameshindwa. Enda weye."

Papa Prezida, kiongozi wa shirika, alisema picha haijawahi kutoka nje ya parokia. Ulimjibu kwamba huyu ni kijana, atembee. Tukapanda lori lililokuwa likienda Luberizi, katika Bonde la Ruzizi, kuchukua mpunga, akina mama wakiimba, wewe umempakata na kumfunika kitenge chako kwa sababu ya vumbi. Nilikuangalia nikacheka, maana ulikuwa umekwisha kuwa mama yake.

Mama Mukubwa alitukuta uani. Alitutazama wote, akaitazama picha, akanyoosha mikono kuipokea.

"Mutoto aingie," akasema. "Mama yake abakie inje."

Nasi tukaingia, Mama, tukakuacha kwenye jua. Rozari ya siku ile niliisali vibaya sana, maana jicho moja lilikuwa mlangoni. Kuku walivamia mpunga ulioanikwa kwenye mikeka, nawe hukuweza kuvumilia. Ukavua kandambili ukaanza kuwafukuza huku na huko, ukiulinda mpunga wa mtu aliyekukatalia kuingia. Mama Mukubwa alikuona. Akaacha sala katikati, akatoka.

"Mudogo wangu," akasema, "mutoto hawezi kulala bila mama yake. Ingia."

Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Picha ililala Luberizi juma zima na wewe ukalala nayo. Papa Prezida akalalamika mpaka aliporudishiwa mtakatifu wake pamoja na gunia la mchele. Tangu hapo hakuna aliyekusikia tena ukisema kuhusu ndevu.

Siku tulipokuzika nilidhani narudi kwenye nyumba tupu. Mama Mukubwa alinishika mkono pale makaburini, akatembea nami mpaka nyumbani, akawasha moto, akaniuliza kama nimekula. Hajaondoka. Ananigombeza kuhusu chumvi, ananichagulia kitenge cha misa, na jana alicheza barabarani kuliko vijana wote, mpaka leo magoti yanamuuma na anasema ni baridi ya ziwa. Nina furaha, Mama, na sioni haya kukuambia hivyo. Ungekwenda na ule ugomvi, mimi leo ningekuwa yatima.

Mshukuru huyo kijana kwa niaba yangu, mko naye karibu. Nakuacha hapa. Chakula kimeiva na mama ananiita.

Binti yako, na wake.