Majina Niliyoyakata Kwenye Hadisi za Mama

Mpendwa Mama Rosette,

Naomba unisikilize kwanza ndipo unihukumu, maana hata mke wangu Vanessa ameniambia jambo hili halimo kwenye vitabu vyangu, nikuandikie wewe wa redio, na mimi ni mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa nimefundisha fasihi chuoni hapa mjini Baraka, sijazoea kuuliza, nimezoea kuulizwa.

Mama yangu anaitwa Godelieve, anaishi kijijini Lubondja, hajui kusoma, na niseme wazi kwamba sijakutana na fundi wa maneno anayemfikia, wala chuoni wala vitabuni. Hadisi zake huzitoa mchana akimenya mihogo, na penye kutisha anasimamisha kisu hewani. Lakini kabla ya hadisi yoyote hutaja kwanza aliyempa, ndivyo walivyo wasimuliaji wa ukoo wetu: nimepewa na mama Marie, Marie alipewa na Wabiwa, Wabiwa alipewa na yule wa Mboko mwenye kicheko, ambaye jina lake limepotea lakini kicheko chake bado kinatajwa, na kwa kila mmoja wasikilizaji hujibu, "Tunamujua, endelea," ndipo hadisi inaanza.

Basi nimeandika hadisi zake kumi na mbili kwa Kifaransa, kazi ya miaka sita, kitabu kimebaki kuchapwa tu na jina langu liko kwenye jalada, na yale majina yote niliyakata, Mama Rosette, hakuna aliyenilazimisha, niliona tu kwamba msomaji wa mbali atachoka na wanawake asiowajua kabla hajakutana na mamba.

Mwezi uliopita nilimpelekea karatasi za mwisho, akawaita akina mama wa kwaya wakakaa uani, nikaanza kuwasomea nikigeuza kwa Kiswahili, nikaingia moja kwa moja kwa mamba na mkwe wake, na hakuna aliyejibu kitu, wananitazama tu, hadi mama akachukua kisu akairudia mihogo yake.

"Mutoto yangu," akasema, "hii hadisi uliiokota wapi?"

"Kwa weye, mama."

"Apana. Ile ya mimi iko na benyewe. Ya kuokota mu njia, mi siwezi kuisikiliza."

Hakukasirika, na angekasirika ingekuwa nafuu. Tangu siku hiyo nikimwomba hadisi ananieleza habari za mvua, ameshasema hatashuka Baraka siku ya kuzindua kitabu, ana miaka sabini na tisa na kuna hadisi zake ambazo sijaziandika, na linaloniuma zaidi ni kwamba kitabu chote nilikifanya kwa kumpenda. Tena nikiri na hili, maana linanikosesha raha: mwaka jana mwanafunzi wangu Umutesi, wa Bibokoboko, aliniletea hadisi ya bibi yake Bazubagira, na nusu ukurasa wa mwanzo ulikuwa wa kueleza bibi aliipata kwa nani na huyo kwa nani, nikaupiga mstari mwekundu, naye akasema tu, "Ndiyo, profesa." Mchapaji anataka jibu Ijumaa. Nikirudisha majina, kurasa zote zitapangwa upya na wenzangu watasema profesa amesahau kazi yake. Nikiyaacha, mama hatanisimulia tena. Nifanye nini?

Bonaventure, Baraka

Profesa Bonaventure,

Pole, na kwanza pokea sifa yako. Wangapi wakishasoma wanaona haya hata kusema mama zao hawajui kusoma? Wewe umekaa miaka sita kwenye maganda ya mihogo ukimwandika wako. Hilo silipunguzi. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Mpwa wangu Eddy alisoma kwako. Ulimpa sifuri kwa kunakili kurasa mbili bila kusema zimetoka kwa nani, na alipokuja kulalamika hapa nyumbani nilimwambia profesa ana haki. Leo wewe umenakili hadisi kumi na mbili. Mganga hajigangi, kweli. Mama yako amekupima kwa kipimo kile kile ulichompimia Eddy, na wala hajakupa sifuri, amekuuliza swali tu. Mimi ningekuwa na mama mwalimu kama huyo ningeringa mji mzima.

Unasema msomaji wa mbali atachoka. Acha achoke kidogo. Yule wa Mboko amepoteza jina na bado akitajwa akina mama wanajibu. Wewe na diploma zako ndiwe uliyemtoa uani.

Basi, mwambie mchapaji leo, usingoje Ijumaa, kwamba kitabu bado. Kisha panda Lubondja bila zawadi na bila maelezo marefu, chukua kisu, umenye mihogo naye mpaka akuulize umekuja kufanya nini. Hapo ndipo umwombe akutajie wenyewe wa kila hadisi, na usimkate hata mmoja. Wenzako wakicheka, cheka nao. Umutesi naye mwambie mbele ya darasa kwamba ulikosea, halafu umpe nafasi aisome kazi yake tangu mstari wa kwanza, Bazubagira na wote waliomtangulia. Wanafunzi hawatakudharau. Siku hiyo watajifunza kuliko mwaka mzima.

Ukimaliza, rudi uani kwa wale akina mama wa kwaya, na kabla ya mamba sema: nimepewa na mama yangu Godelieve. Nyamaza hapo. Usiguse neno la pili mpaka wakujibu. Na mimi siku nitakayokifungua kitabu chako hapa studio, nikaliona jina la Godelieve juu ya ukurasa, nitajibu hewani Baraka yote inisikie: "Tunamujua, endelea."