Mbula na Tawi la Nzaui

Mjukuu wangu Mwende,

Mama yako amevuna pojo, na sote tunakula. Mwili wangu umekwisha, kwa hiyo nakujibu kabla sijaondoka, kwa jambo ambalo mama yangu alikufa bila kulijua.

Umeuliza nani atangulie mkipanda mlima wa Nzaui, kwa kuwa mwenzenu mmoja ana mguu mbaya. Nikiwa msichana tulipanda hukohuko. Mdogo wangu Mbula alichechemea, tukamwacha nyuma. Njia ilipogawanyika, tuliziba ile ya gengeni kwa tawi bichi ili Mbula asiifuate, kama tufanyavyo Ukambani, tukaenda zetu. Hatukuwafikiria mbuzi.

Tukiwa kileleni tunaimba, tulisikia sauti chini. Nilichungulia. Mbula alisimama ukingoni mwa mwamba, mbele yake hakuna ardhi. Mbuzi walikuwa wamelila lile tawi.

"Nyinyi mmefika?" aliita. "Hata mimi nimefika, ila sijui ni wapi."

Tulimvuta juu kwa leso tulizofunga pamoja. Kushuka, tulimtanguliza. Sikuwa nimewahi kutembea nyuma yake. Kumbe kila hatua aliichagua kwa macho kabla ya kukanyaga.

Mtangulize mwenzenu huyo mwenye mguu mbaya, nawe utazame anavyokanyaga.

Ni mimi, susu wako.