Watazamaji Watatu

Jumamosi, 11 Julai 2009

Nshafunga duka Darajani mapema. Nimeuza madishi mawili, moja nimelipandisha mwenyewe juu ya paa. Ngazi ilikosa kidato, mie sikukosa. Mafundi wa siku hizi wanatafuta setilaiti kwa mita ya kupima mawimbi. Mie natafuta kwa shingo. Kuna mwaka niliikamata Misri kwa kifuniko cha sufuria la pilau, picha safi, hata jasho la mwimbaji unaliona. Mashahidi wapo. Wengine wameshakufa.

Barazani nimewatangazia. Ijumaa namuozesha Rukia, binti wa kaka yangu Seif, na Kaka atatazama nikaha moja kwa moja akiwa Maskati. Hawezi kusafiri. Figo. Maisha yake sasa ni kitanda na mashine. Amenipa uwakili wa kuozesha, na ameniomba kitu kimoja tu. Aone.

Maulidi, yule muuza kahawa, akauliza picha itafikaje bila ya dishi. Nikaeleza mpaka kahawa ikapoa. Picha haiendi nzima. Inakatwa vipande, inabanwa, inapelekwa kwenye kompyuta kubwa huko ng'ambo, na kila anayeomba anapewa nakala yake. Kile kiduara kinachozunguka ndiyo tangi linajaa. Kama maji yetu ya bomba: ukifungua mfereji kabla ya tangi kupata kitu, yanakatika. Na kisichosogea hakitumwi tena. Ukuta unatumwa mara moja, kisha kinachotumwa ni mkono unaopita mbele yake.

Waliduwaa. Haya yote kanieleza Rukia, na ukurasa kaufungua yeye, na neno la siri analo yeye. Sikupata nafasi ya kumtaja.

Jumapili, 12 Julai

Nnaogopa. Niandike kwa mpango.

Asubuhi nilijaribu mitambo nyumbani kwa Kaka, ukumbini juu, karibu na dirisha, ndipo modemu inaposhika. Kompyuta, kamera ndogo juu yake. Kaka alikuwa ameshafungua kwake. Chini ya kioo pana neno Watazamaji, na namba. Moja. Huyo ndiye Kaka. Nikampungia mkono. Picha ikaganda, mkono wangu juu kama trafiki. Nikajua imekatika. Dishi likiganda limekatika, kazi hiyo naijua kuliko jina langu.

Shemeji yangu Bi Shemsa, mama yake Rukia, alikuwa mlangoni ananihimiza nitoke. Wanawake wanapanda ngazi, leo mwari anasingwa, anapakwa manukato ya harusi mwili mzima. Nikaiacha kompyuta juu ya kabati baina ya chupa za chai, nikatoka.

Nimerudi baada ya alasiri. Wameshaondoka, ukumbi mzima unanukia udi. Kioo cheusi. Nikakigusa, kikawaka. Kijitaa cha kamera kijani.

Watazamaji: 3.

Dishi linapokea tu. Chombo hiki kinapokea na kinatoa. Picha iliyoganda ni ile iliyokuwa inanirudia mie. Ya kwenda ilikuwa inakwenda.

Wanawake wa ukoo mzima, vichwa wazi. Mwari kwa kanga moja na singo mpaka shingoni. Nimechomoa nyaya zote, mpaka ya feni.

Mmoja ni Kaka. Wawili ni nani?

Jumatatu, 13 Julai

Dukani nimefungua ule ukurasa. Nilidhani kilichorushwa kimepita, kama sauti ya redio. Hakikupita. Kimehifadhiwa. Pana kijipicha, na ndani yake kichwa cha shemeji yangu bila mtandio. Nikafumba macho. Nikafunika kioo kwa kofia. Chini yake: kimetazamwa mara nne.

Jana watatu. Leo wanne. Mtu kaingia usiku.

Kukifuta sijui. Kila nikigusa penye neno Futa naulizwa neno la siri.

Baba wa bwana harusi ni Mzee Hilali wa Bububu. Mtu huyu alirudisha kadi ya mwaliko kwa sababu ilichorwa mkono wenye hina. Akisikia mkwewe mtarajiwa ameonekana na dunia nzima, Ijumaa hakuna harusi. Na Rukia atakuwa yule aliyeonekana. Atazeeka nalo jina hilo.

Nimempigia Kaka. Hapokei.

Jumanne, 14 Julai

Asubuhi namba ni sita. Adhuhuri saba. Inapanda kama homa.

Kaka hapokei. Ama ameona na amenikata, ama hayupo. Sijui lipi nalihofia zaidi.

Barazani Maulidi kaniletea kahawa, kainama, kaniambia polepole, "Bwana Khalfani, harusi yenu nshaiona kwenye mtandao."

Kikombe kikaniponyoka. Nikamuuliza ipi.

"Hiyo ya Ijumaa. Kwa ulivyotutangazia, nani hajaiona?"

Wakacheka wote. Nikacheka na mie, kahawa inaniunguza mguu. Mzee mmoja akasema leo Khalfani hana Misri wala sufuria, anaumwa nini. Nikasema tumbo. Mara yangu ya kwanza barazani kusema neno moja likatosha.

Chakula hakipiti. Mke wangu kanikaangia samaki changu, nimemgeuza upande mmoja na upande wa pili, nimemwacha.

Jumatano, 15 Julai

Tisa.

Mwenye neno la siri ni Rukia tu. Na Rukia ni mwari, yumo ndani, haonwi. Nimezunguka nyumba yao kama mdai. Mwisho nikapanda. Bi Shemsa alikuwa jikoni. Nikakaa chini nje ya mlango wa chumba, mgongo ukutani, kompyuta mapajani, nikamwambia mlango kila kitu. Kompyuta, kabati, kijitaa, watatu, wanne, mpaka tisa. Nilitaraji kilio. Nikasikia bangili tu.

Kisha akaniuliza, "Ami, huo ukurasa umeufungua mara ngapi?"

Nikamwambia sijui. Kila nikipata nafasi. Naangalia tu kama kuna mtu ameangalia.

"Kila ukifungua unahesabiwa. Wewe ndiye unayetazama, Ami."

Siku tatu nzima nimekimbizwa na mie mwenyewe.

Lakini wale watatu wa mwanzo sikuwa mie. Akaniambia nimpigie baba yake tena, niiwekee simu sauti. Ikaita. Ikaita. Nikahesabu nyufa za ukuta. Kaka akapokea.

Yu hai. Alilazwa tokea Jumapili usiku, simu ilikuwa nyumbani, leo ndiyo karudishwa. Sauti kama inapita kwenye kitambaa. Nikamuuliza kama Jumapili alitazama. Akasema ndiyo, kwake kulikatika mara mbili, kila mara akaingia upya. Rukia akasema ndani ya mlango kuwa mashine haimtoi upesi aliyekatika, inamhesabu aliyetoka pamoja na aliyeingia. Basi wote watatu ni Kaka. Kaka peke yake, mara tatu.

Nikataka kushukuru, nikakumbuka kwamba hata kwake yeye, mle ukumbini walikuwamo wanawake wasiomhalalikia kuwaona. Akanijibu kabla sijauliza.

"Kioo nilikifunika kwa taulo. Sauti nikaiacha. Nimemsikia Shemsa anaimba. Zile sauti, Khalfani, nilikuwa nshazisahau."

Rukia akauliza, "Tuifute, Aba?"

Nikaitazama simu kama bado inahesabu dakika. Nilidhani imekatika.

"Futa, mwanangu. Nshasikia."

Mikono ya Rukia ina hina mbichi, hawezi kugusa kitu. Ikabidi niandike mie, yeye ananitajia herufi kwa herufi mlangoni. Kidole kimoja, jicho pembeni nisikione kile kijipicha. Herufi zilipotimia nikasoma nilichoandika. Abanjoo.

Ukurasa ukauliza kama nina hakika. Nikabonyeza. Kikaondoka.

Nikamuuliza kama sasa hakipo popote. Akasema kwetu hakipo, lakini kama kuna aliyewahi kujiwekea nakala yake, hakuna wa kujua. Kisha akaniambia mama asijue, na ya Ijumaa ataifunga kwa neno la siri jingine, apewe baba yake tu. Na kamera isitoke msikitini. "Na ukiondoka, Ami, uizime. Usiiangalie usoni ukadhani imelala."

Nikamwambia naam. Mie, naam, kwa mtoto niliyembeba mgongoni.

Alhamisi, 16 Julai

Nimetamani kufungua ule ukurasa nione kama kweli hakipo. Sikufungua.

Nimepita Mtoni kupeleka dishi. Kila mtu mwenye simu mkononi namuona kama anatazama kitu na anakificha nikipita. Hofu haijanitoka.

Ijumaa, 17 Julai

Msikitini baada ya sala ya alasiri. Wanaume tu. Nimeweka kompyuta juu ya rafu ya misahafu, kamera inatuangalia. Mzee Hilali kaniuliza kidude gani hicho. Nikamwambia ni cha kumuonesha Kaka. Akakikazia macho, kisha akasema, "Msalimie." Basi. Siku zote hizi nimekufa kwa hofu ya mtu huyu.

Watazamaji: 1.

Shehe kamaliza hotuba. Bwana harusi kanipa mkono, vidole vya baridi kuliko vyangu. Nikafungua mdomo niseme nimekuozesha. Nikatupa jicho kwenye rafu.

Watazamaji: 0.

Nikafunga mdomo. Shehe akanitazama. Nikakohoa. Nikaomba maji. Yakaletwa, nikayanywa kwa kituo, funda baada ya funda, na mkono wa kijana wa watu nimeushika vilevile, hauachiki. Nyuma wakaanza kunong'ona. Nikasikia mtu akisema wakili kaghairi. Mzee Hilali akasogea mbele kwa magoti yake. Gilasi ikamalizika. Nikaomba nyingine.

Nilikuwa namuona Kaka kitandani, kiduara kinamzunguka, anadhani tumemuacha. Au hayuko hata wa kudhani.

Moja.

Sikuanza hapohapo. Nikaliacha tangi lake lijae kidogo. Kisha nikasema, kwa uwakili wa ndugu yangu, kwa sauti ya kuvuka bahari bila ya mtambo. Kijana akakubali. Watu wakaitikia dua. Ndipo nikauachia mkono wake.

Jumamosi, 18 Julai

Jana sikuandika yote.

Watu walipokwenda kwenye pilau nilibaki kukusanya nyaya. Namba bado moja. Mikeka mitupu, ukuta mweupe, feni imezimwa. Hakuna kinachosogea. Nikakumbuka alivyosema Rukia, kisichosogea hakitumwi tena. Kaka alikuwa anatazama ukuta ulioshamfikia zamani.

Ukaingia ujumbe kwenye simu. Usizime.

Nikakaa ukutani, mbele ya kamera, nisitikisike sana. Wameniwekea sahani, ikapoa. Karibu na magharibi namba ikawa sifuri, taratibu, bila ya kitu kingine kubadilika. Nikampigia. Akapokea, akasema amechoka, anataka kulala. Ndipo nikazima. Nikachomoa kamera. Nikaitazama usoni kuhakikisha.

Leo barazani Maulidi kaniuliza, haya bwana mkubwa, wametazama wangapi huko duniani. Wote wakanisogelea, vikombe mkononi.

Nikamwambia mmoja.

Akangoja niongeze. Sikuongeza.